Sakafu ya Chumba cha Tatu

Ofisini walimwita Futikamba, na jina lilikuwa limemkaa kiasi kwamba karani alipomwandikia barua ya likizo ilimbidi kwanza aulize jina lake halisi. Alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Mtu akipendekeza nyumba fulani ihifadhiwe kisheria, Futikamba ndiye aliyetumwa kwenda kuipima chumba hadi chumba, kuandika kilichopo na kilichokwisha, kisha kuipa alama. Alama zikifika sabini, nyumba iliingia daraja la kwanza, na tangu siku hiyo mwenyewe hakuruhusiwa hata kubadilisha bawaba bila kibali. Zikiwa kati ya arobaini na sabini, ilikuwa daraja la pili: uso wa mbele unalindwa, huko ndani mwenye nyumba na lake. Chini ya arobaini, nyumba iliachiwa bahati yake.

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na miwili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka na asiye na maneno mengi. Akiingia mahali popote, hata kwenye msiba, macho yake yalipanda kwanza kwenye kenchi za paa, yakashuka kwenye fremu za milango, ndipo yakawafikia watu. Mkewe, mwalimu wa hesabu aliyekwisha kustaafu, alipenda kusimulia kwamba siku mume wake alipokwenda kujitambulisha ukweni, baba yake alimvuta pembeni akamuuliza kama kijana ana matatizo ya shingo.

Alichojulikana nacho ni neno lake. Wapo wakaguzi waliokuwa wakitia chumvi; wakipenda nyumba, ufa wa vidole vitatu unageuka ufa mdogo, na wakimchukia mwenye nyumba, doa la maji linakuwa uharibifu mkubwa. Yeye hakuwa hivyo. Bodi iliyotoa uamuzi wa mwisho ilikuwa na wajumbe saba wanaopenda kuulizana maswali mpaka chai inapoa, lakini taarifa ikiwa na sahihi ya Futikamba walifungua ukurasa wa mwisho, wakaangalia jumla, wakapitisha. Hakuwahi kujisifia jambo hilo. Alilijua tu, kama mtu anavyojua urefu wake.

Miezi minne kabla hajastaafu, mkuu wa idara alimwita ofisini kwake. Mkuu huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na Futikamba ndiye aliyemfundisha kazi: jinsi ya kushika lenzi, jinsi ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kilicho nyuma ya lipu. Cheo chake kilimpita mwalimu wake, lakini aliendelea kumwita mzee, na mzee aliendelea kusimama kila mkuu alipoingia mahali. Siku hiyo mkuu alimsukumia jalada juu ya meza, akamwambia kuna malalamiko, na kwamba asingependa kumpa mtu mwingine kwa sababu nyumba yenyewe aliipima yeye.

Ilikuwa nyumba kubwa ya shamba la ng'ombe, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mjini. Futikamba aliikumbuka. Aliikagua miaka kumi na tisa nyuma, akaipa alama sabini na tatu. Mwenye shamba alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, akamwacha mjane na binti mmoja aliyeolewa mbali. Sasa mdogo wa marehemu alikuwa ameandika barua ya kurasa nne. Alidai kwamba shemeji yake, huyo mjane, aling'oa sakafu ya mbao ya chumba cha tatu, mbao za zaidi ya miaka mia, akazipeleka anakokujua mwenyewe na kumwaga saruji mahali pake. Kama ushahidi aliambatanisha nakala ya taarifa ya ukaguzi wa zamani, na chini ya mstari mmoja alipiga wino mwekundu mara mbili: *Chumba cha 3: sakafu ya mbao ya asili, hali nzuri.*

Kwa sheria ya mahali pale, mtu akiharibu jengo la daraja la kwanza anavuliwa usimamizi wake, na usimamizi unahamia kwa ndugu wa ukoo aliye karibu. Hapo ofisini kila mmoja aliona barua ile inaelekea wapi. Hata hivyo malalamiko ni malalamiko, na yalikuwa na mhuri.

Asubuhi ya siku ya pili dereva wa ofisi alimpeleka. Nyumba ilikuwa juu ya kilima kidogo, nyuma yake zizi na banda la kukamulia, mbele yake njia ya mawe iliyoota majani katikati. Kutoka mbali ilikuwa nzuri kama alivyoiacha: paa refu la vigae lenye mteremko mkali, baraza pana lenye nguzo sita za mbao, madirisha ya vioo vidogo vidogo. Walipoikaribia, umri ulianza kuonekana. Nguzo mbili zilikuwa zimekalia matofali. Upande wa nyuma, juu ya chumba cha mwisho, kulikuwa na turubai la bluu lililofungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa mawe.

Mjane alitokea upande wa zizi, amevaa buti za mpira, mikono bado ina maji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Alimtazama Futikamba kwa muda.

"Umezeeka, bwana mkaguzi," alisema.

Futikamba akakubali kwamba ni kweli. Akamuuliza kama amemkumbuka. Mjane akajibu kwamba watu wa serikali wanaofika pale ni wachache mno kusahaulika, na kwamba yeye ndiye aliyemletea maji ya kunywa siku ile, akiwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Hakukuwa na ukali katika sauti yake, wala bashasha. Alimfungulia mlango wa mbele na kumwacha aanze kazi.

Alianza sebuleni, kama fomu inavyotaka. Dari ya mbao ilikuwepo, ukuta wa mashariki umepata ufa mpya, meko ya mawe iko sawasawa. Chumba cha kwanza, mbao za sakafu zilikuwepo, zikilia chini ya miguu yake na kung'ara kwa kupigwa nta. Cha pili hivyo hivyo. Kila kitu alikipima, akakiandika, akakilinganisha na taarifa ya zamani, na kila kitu kilikaa mahali pake. Mjane alimfuata nyuma akifungua madirisha ili apate mwanga.

Walipofika chumba cha tatu, alitoa ufunguo mfukoni. Chumba hakikuwa kikitumika. Sehemu ya dari ilikuwa imeanguka, na turubai lilionekana kupitia tundu, likipumua na upepo. Ndani mlikuwa na ndoo tatu za kukingia maji na kitanda cha chuma kisicho na godoro. Na sakafu, kama barua ilivyosema, ilikuwa ya saruji.

Futikamba alipiga magoti akaanza kuisoma. Ilikuwa saruji iliyowekwa rangi nyekundu, ya zamani, imepauka katikati na kubaki nyekundu pembeni, na karibu na mlango ilikuwa imelika kwa kukanyagwa kama sahani isiyo na kina. Chini ya kuta zote nne fundi alikuwa amepandisha ukanda wa saruji wa kimo cha kiganja, na ukanda huo ulikuwa umepakwa rangi pamoja na ukuta. Alitoa kisu chake kidogo, akakwangua mahali pamoja pembeni, taratibu, kama mtu anayemenya kitunguu. Juu kabisa palikuwa na nyeupe. Chini yake kijani. Chini ya kijani rangi ya maziwa. Chini ya rangi ya maziwa, bluu iliyofifia, ndipo saruji yenyewe.

Alirudi sebuleni akakwangua nyuma ya mlango. Nyeupe, kijani, rangi ya maziwa, bluu. Na chini ya bluu, rangi nyingine mbili ambazo chumba cha tatu hakikuwa nazo. Kisha akafungua taarifa yake ya miaka kumi na tisa iliyopita akasoma maneno yake mwenyewe: *Kuta za ndani zote zimepakwa kijani.*

Kwa mtu asiye wa kazi hiyo, hayo yangekuwa makoti ya rangi tu. Kwake ilikuwa kama kusoma kalenda. Siku alipofika mara ya kwanza, nyumba ilikuwa tayari ya kijani, na saruji ya chumba cha tatu ilikuwa imelala chini ya kijani hicho na rangi mbili kabla yake. Mbao hazikung'olewa na mjane. Mbao hazikuwepo alipoziandika.

"Nilipoolewa hapa nilikuta saruji," mjane alisema kutoka mlangoni. Alieleza kwamba mama mkwe alimsimulia jinsi mchwa walivyoingia chumba kile kutokea upande wa kisima, wakala mbao zote, mpaka mguu wa kabati ukazama sakafuni siku ya Jumapili wageni wakiwepo. Baba mkwe akaita fundi, fundi akamwaga saruji. Hayo yote yalitokea mume wake akiwa bado anasoma.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Siku ile ulipokuja, baba mkwe alikuwa amelala humu. Alikuwa anaumwa. Nilikuambia ndiyo kwanza amepata usingizi, ukasema haina shida."

Futikamba alikumbuka. Alikumbuka pazia lililokuwa mlangoni, harufu ya dawa ya kuchua, na kikohozi cha mzee ambacho kilianza na kukatika. Alikumbuka kwamba alirudi nyuma kwa adabu, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Angeweza kusema pale pale, lakini hakusema. Aliinama akaandika vipimo vya chumba, ambavyo havikuhitajika.

Mjane alikwenda akarudi na bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na barua kumi na moja kutoka ofisini kwa kina Futikamba, zimepangwa kwa tarehe. Kila baada ya muda yeye au marehemu mumewe walikuwa wakiomba kibali cha kuvua vigae vya upande ule na kubadilisha boriti zilizooza, na kila mara walijibiwa kwamba kibali hakiwezi kutolewa, kwa kuwa kazi hiyo ingehatarisha sakafu ya mbao ya asili iliyomo chumbani. Waliandika tena wakieleza kwamba sakafu ni ya saruji. Wakajibiwa kwamba kumbukumbu za ofisi zinaonyesha vinginevyo.

"Mume wangu alikuwa akizisoma akicheka," mjane alisema. "Baadaye aliacha kucheka."

Futikamba aliomba azipige picha. Alipomaliza alimwambia kwamba ataandika taarifa yake ndani ya wiki. Mjane alimsindikiza hadi kwenye gari. Hakumwomba amtetee, hakumtaja shemeji yake hata mara moja. Alisema tu, "Andika ulichokiona," akageuka kurudi zizini.

Njiani dereva, ambaye alikuwa na mdomo usiolala, alijaribu habari za mpira, akajaribu habari za bei ya vipuri, mwishowe akawasha redio.

Futikamba alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Chumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na sanduku la bati lenye daftari zake zote za kazi, daftari moja kwa kila miezi mitatu, na mkewe alikuwa akilalamika kwa miaka kwamba analala juu ya nyumba za watu. Alilivuta sanduku, akatafuta mwaka, akatafuta mwezi, akafungua ukurasa. Ilikuwa hati yake, kalamu ya risasi: *Chumba 3: mgonjwa. Sikuingia. Nirudi.*

Hakurudi. Wiki ile alikuwa na nyumba tano, mvua zilikata barabara, na bodi ilikuwa inakaa Ijumaa. Alhamisi alipokaa kwenye mashine ya kupiga chapa, alifika chumba cha tatu, akafikiri kwamba nyumba iliyojengwa na fundi mmoja kwa wakati mmoja itakuwa na sakafu moja, akapiga maneno yale yale aliyoyapiga kwa vyumba viwili vya kwanza. Sakafu ilikuwa na alama nne. Sasa alichukua kalamu akazitoa. Sabini na tatu ikawa sitini na tisa. Kama angerudi siku ile, nyumba ingekuwa daraja la pili, na chumba kile kingekuwa na paa.

Mkewe aliingia kutafuta miwani yake, akamkuta amekaa sakafuni na daftari mapajani. Futikamba akamweleza yote. Mkewe alisikiliza amesimama, akachukua daftari, akausoma mstari ule, akairudia hesabu kimoyomoyo, maana hakuwahi kukubali hesabu ya mtu mwingine.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi. Na sasa wewe."

Mkewe alimrudishia daftari. "Darasani mtoto akinakili jibu la jirani nilikuwa nampa sifuri hata kama jibu ni sahihi," alisema. "Na hili lako halikuwa hata sahihi."

Akachukua miwani yake juu ya kabati akatoka. Baada ya dakika chache alirudi kumwambia chakula kiko tayari, na hawakulizungumza tena siku ile.

Mkuu wa idara ndiye aliyepata shida zaidi. Futikamba alipomwekea daftari mezani, alilisoma, akafunga mlango wa ofisi, akakaa upande wa wageni badala ya nyuma ya meza. Alimwambia kwamba ushahidi wa rangi peke yake unatosha kuleta shaka. Aandike kwamba saruji inaonekana kuwa ya zamani, na kwamba tarehe yake haikuweza kuthibitika. Bodi itamaliza yenyewe. Daftari hakuna aliyeliomba.

Futikamba alimjibu kwamba mlalamikaji ana wakili. Wakili atasimama na taarifa ya zamani mkononi, atauliza mkaguzi aliona nini kwa macho yake, na karatasi itasema aliona mbao. Neno *haikuthibitika* halitamwokoa mama yule na chochote.

"Mzee, hebu nielewe," mkuu alisema. "Ukikiri chumba kimoja, watauliza nyumba zote. Ni zaidi ya mia tatu. Zote zimesimama juu ya neno lako."

"Najua."

"Na zimebaki siku ngapi ustaafu? Mia moja na kitu?"

Alikuwa sahihi, na Futikamba hakubishana naye. Hakuwa na hotuba. Alisema tu kwamba ameshaiandika, ni ukurasa mmoja, na kwamba angependa iingie kwenye jalada leo ili isije ikaonekana ilitafutwa baadaye. Mkuu aliipokea, akagonga mhuri. Mhuri ulitoka hafifu, ikambidi augonge tena.

Kikao cha bodi kilifanyika wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni moja. Shemeji alikuja na wakili na suti. Mjane alikuja peke yake na bahasha yake. Viatu vilikuwa vimembana. Ilionekana jinsi alivyochomoa visigino chini ya meza. Mwenyekiti alimwomba Futikamba asome taarifa, naye aliisoma kama alivyosoma taarifa zote, bila kupandisha wala kushusha sauti: kwamba ukaguzi wa kwanza aliufanya yeye, kwamba hakuingia chumba cha tatu kwa sababu palikuwa na mgonjwa, kwamba aliandika sakafu ambayo hakuiona, kwamba tabaka za rangi zinaonyesha saruji ilikuwepo miaka mingi kabla, kwamba daftari la siku ile ameliambatanisha, kwamba alama sahihi za nyumba ni sitini na tisa.

Wajumbe, waliozoea kufungua ukurasa wa mwisho, safari hii walisoma kila mstari. Wakili alijaribu kusema kwamba mtu aliyekiri kudanganya mara moja hawezi kuaminiwa mara ya pili. Mwenyekiti akamuuliza kama daftari nalo lilidanganya, tena miaka kumi na tisa kabla ya malalamiko. Wakili akainamia karatasi zake.

Kisha mjane akaomba kusema. Hakumwangalia mwenyekiti wala shemeji yake. Alimwangalia Futikamba.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tunanyimwa ruhusa kwa ajili ya mbao ambazo hazipo."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ulipopiga magoti pale chumbani, ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ungeniambia."

Futikamba akasema kwamba ndiyo, angemwambia, na kwamba anaomba radhi. Mjane aliikunja bahasha yake katikati. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemtaka aseme.

Malalamiko yalitupwa siku ile ile. Shemeji aliondoka bila kuaga, na wakili wake ndiye aliyempa mjane mkono. Nyumba ilishushwa hadi daraja la pili, hivyo baraza, nguzo na uso wa mbele vikabaki chini ya ulinzi, na huko nyuma mjane akawa huru kuvua vigae na kubadilisha boriti.

Kwa Futikamba mambo yalikwenda kama mkuu alivyosema. Bodi iliagiza taarifa zake zote zipitiwe upya. Badala ya kuwafundisha wakaguzi wapya, kama ilivyopangwa, miezi yake ya mwisho aliitumia kwenye chumba cha majalada, akilinganisha daftari na taarifa, sanduku la bati limehamia ofisini. Alipata sehemu nyingine mbili ambazo hakuziona: stoo moja iliyokuwa imefungwa kwa kufuli, na dari moja ambayo hakuipanda kwa sababu ngazi ilikuwa mbovu. Alirudi kote kuwili. Stoo ilikuwa kama alivyoiandika. Dari haikuwa, lakini alama hazikubadili daraja. Aliandika ukurasa mmoja kwa kila sehemu.

Wenzake hawakumsema mbele yake. Baadhi waliona amejipalia makaa bure. Mmoja, kijana aliyekuwa akimwiga hata anavyotembea, aliacha kumwiga. Sherehe ya kumuaga ilikuwa soda na biskuti kwenye ukumbi mdogo, na mkuu wa idara alizungumza kwa dakika tatu. Alichomwambia wakiwa wawili, kwenye ngazi, ni kwamba fomu mpya ya ukaguzi imeongezwa safu moja kwa kila chumba: *Mkaguzi aliingia? Ndiyo / Hapana.* Futikamba alimuuliza kama wameacha nafasi ya kueleza kwa nini hapana. Mkuu akasema hawakuacha. Futikamba akamshauri waiweke, maana wagonjwa watakuwepo siku zote.

Alistaafu. Wiki za kwanza alikuwa akiamka saa ya kazi na kukaa barazani amevaa viatu. Mkewe alimvumilia, kisha akampa kazi ya kupima madirisha ya nyumba yao wenyewe kwa ajili ya mapazia. Aliyapima mara mbili akagundua kwamba nyumba waliyoishi miaka ishirini na nane ina dirisha moja lililokaa upande. Mkewe akamwambia hilo yeye alilijua tangu mwaka wa kwanza.

Mwezi wa sita tangu astaafu simu iliita. Ilikuwa namba asiyoijua. Alikuwa mjane wa shambani, na hakuanza na salamu ndefu. Alisema vigae vimeshavuliwa, boriti mpya zimepanda, chumba kimekauka. Anataka kukifanya cha binti yake na wajukuu wakija. Fundi anapendekeza mlango mpya wa upande wa bustani, wa vioo, ili mwanga uingie. Yeye anaona kama utakuwa mkubwa kupita kiasi.

Futikamba alimweleza kwamba upande ule haulindwi tena, hahitaji kibali, na kwamba hata kama angehitaji, yeye si mkaguzi tena.

"Hayo nayajua," mjane alisema. "Nakuuliza utapendeza?"

Futikamba alikifikiria chumba: ukuta wa nyuma, mteremko wa paa, kisima, jua la mchana lingepita wapi. Katika miaka thelathini na miwili watu walikuwa wamemuuliza kama inaruhusiwa, kama inafaa, kama itadumu. Akamuuliza upana wa fremu. Mjane akamtajia.

"Upunguze kwa shubiri moja kila upande," alisema. "Utapendeza."

Mjane akasema atamwambia fundi, kisha ikabidi akate simu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamefika.